Nani Hulipia Chuo Marekani? Safari ya Fedha Kutoka kwa Chuo Hadi kwa Mwanafunzi

Yuko anayesema serikali ya Marekani imeacha kulipia vyuo, na yuko anayesema imemwaga fedha kupita kiasi. Wote wawili wana ukweli, kwa sababu wanazungumzia serikali mbili tofauti. Majimbo ndiyo yaliyokuwa yakigharamia vyuo vya umma: yalipeleka fedha chuoni kwa ajili ya mishahara na majengo, na mwanafunzi akaingia kwa ada ndogo au bila ada. Serikali ya shirikisho, ile ya Washington, ilijitokeza baadaye, na yenyewe humfuata mwanafunzi mmoja mmoja. Humpa ruzuku, humkopesha, humpunguzia kodi yeye au wazazi wake. Kwa takriban miaka hamsini mkono wa majimbo umekuwa ukijikunja huku wa Washington ukinyooka. Lakini anayehesabu fedha tu hataona jambo zito zaidi, nalo ni nani anayebeba hasara mambo yakienda mrama. Zamani ilikuwa hazina ya jimbo. Siku hizi ni kijana wa miaka 18 aliyetia saini mkataba wa mkopo.

Mwanzoni serikali ililipa kwa ardhi. Sheria ya Morrill ya mwaka 1862 ililipatia kila jimbo ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mbunge wake katika Congress, yaani bunge la shirikisho, ili mauzo yake yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilitwaliwa kutoka kwa mataifa ya Wahindi Wekundu. Aliyepokea fedha ni chuo, na mwanafunzi hakuombwa kuthibitisha chochote.

Mwaka 1944 sheria ya askari waliorudi vitani iligeuza mkondo. Serikali ya shirikisho ilimlipia kila askari ada ya hadi dola 500 kwa mwaka, kiasi kilichotosha hata katika vyuo ghali vya wakati ule, pamoja na dola 50 za kujikimu kila mwezi kwa asiye na familia. Kufikia 1947 karibu nusu ya wanafunzi wote wa vyuo walikuwa askari wa zamani. Kwa mara ya kwanza fedha nyingi za Washington zilimfuata mtu, zikaingia katika chuo alichokichagua mwenyewe. Askari weusi, hasa wa kusini, walikuwa na haki hiyo kwenye karatasi huku milango ya vyuo vingi ikiwa imefungwa kwao. Funzo hilo limebaki hadi leo: fedha zinazomfuata mwanafunzi hazina thamani ikiwa mlango ulio mbele yake umefungwa.

Mkopo ulifika mwaka 1958. Wasovieti walikuwa wamerusha Sputnik mwezi Oktoba wa mwaka uliotangulia, na Congress, ikihofia kuachwa nyuma katika sayansi, ikaruhusu mikopo ya hadi dola 1,000 kwa mwaka kwa riba ya asilimia 3. Kisha Novemba 8, 1965, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Elimu ya Juu katika chuo alichosoma mwenyewe, huko San Marcos, Texas. Chini ya sheria hiyo benki zilikopesha kwa fedha zao, na serikali ikawa mdhamini. Mwanafunzi akishindwa kulipa, benki ilirudishiwa fedha na umma.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ulifanyika mwaka 1972. Mbunge Edith Green wa Oregon, akiungwa mkono na vyama vya vyuo, alitaka fedha za shirikisho ziende moja kwa moja vyuoni. Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island alitaka ziende kwa wanafunzi wa kipato cha chini, nao wachague wapi pa kuzipeleka. Pell alishinda, na ruzuku iliyozaliwa hapo ikaja kupewa jina lake mwaka 1980. Hoja yake ilikuwa nzuri: anayehitaji ndiye apewe. Ila iliacha pengo moja. Kwa kuwa Washington haikuwa ikivilipa vyuo, haikuwa na mkataba wowote na majimbo wa kuyazuia yasipunguze fedha zao. Ruzuku ikipanda, hakuna kinachozuia jimbo kupunguza mchango wake na kuacha ada ipande kufidia.

Majimbo na bajeti isiyoruhusu deni

Karibu kila jimbo hulazimika kisheria kusawazisha bajeti yake ya kila mwaka. Washington inaweza kukopa uchumi ukidorora, jimbo haliwezi kwa kiasi hicho. Mapato ya kodi yakishuka lazima kitu kikatwe, na wabunge wa jimbo wanapopitia orodha hukuta mambo mengi yasiyogusika. Bima ya afya ya watu wa kipato cha chini inaendeshwa kwa masharti ya shirikisho. Magereza yana wafungwa tayari. Shule za msingi na sekondari zinalindwa na katiba za majimbo. Chuo kikuu peke yake ndicho chenye chanzo kingine cha mapato ambacho mbunge anaweza kukionyesha kwa kidole: ada. Kwa hiyo hukatwa kwanza na zaidi ya wengine.

Tatizo ni kwamba mdororo unapunguza ajira, na watu wasio na kazi hurudi masomoni. Fedha zinapungua wakati uleule ambao madarasa yanajaa, kwa hiyo kiasi kwa kila mwanafunzi huporomoka kutoka pande mbili. Uchumi ukipona, fedha hurudi polepole, mara nyingi zisifike pale zilipokuwa, kisha mdororo mwingine unaanza. Mwaka 1980 ada za wanafunzi zilikuwa takriban moja ya tano ya fedha ambazo vyuo vya umma vilitumia kufundishia. Miaka michache baada ya msukosuko wa 2008 zilikaribia nusu.

Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, kilifundisha bila ada hadi mwaka 1976, jiji lilipokaribia kufilisika. California katika mpango wake mkuu wa 1960 ilitamka kwamba wakazi wasomeshwe bila ada. Miaka kumi baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California walianza kutozwa. Katika maeneo hayo mawili watu hawakupiga kura kuachana na elimu bila malipo. Walipitisha bajeti ya mwaka mmoja mgumu, na mwaka huo ukawa ndio desturi.

Kuna hoja mashuhuri iliyotolewa mwaka 1987 na William Bennett, waziri wa elimu wa Rais Reagan, kwamba misaada ya shirikisho yenyewe ndiyo inayovipa vyuo ujasiri wa kupandisha ada. Wengi huikubali yote au kuikataa yote, na pande zote mbili hukosea. Ushahidi wake ni mzito kwa vyuo binafsi vinavyoendeshwa kwa faida, vinavyoishi kwa fedha za Washington, na kwa masomo ya uzamili, ambako kwa muda mrefu mikopo haikuwa na kikomo. Kwa vyuo vya umma vya majimbo, kupungua kwa fedha za jimbo kunaeleza zaidi.

Kwa nini Washington ilipenda kukopesha

Ruzuku ya dola 1,000 huigharimu bajeti dola 1,000. Mkopo wa kiasi hichohicho huhesabiwa kwa njia nyingine. Tangu sheria ya uhasibu wa mikopo ya mwaka 1990, bajeti ya shirikisho huandika makadirio ya faida au hasara ya mkopo katika maisha yake yote. Serikali ikikadiria kwamba wakopaji watalipa vizuri na riba inazidi gharama ya serikali kukopa, mkopo huonekana kwenye vitabu kama unaingiza fedha. Mbunge anayetaka kusaidia wanafunzi bila kupandisha kodi angechagua nini?

Sheria hiyo ndiyo iliyofungua njia ya serikali kukopesha yenyewe kuanzia 1993, na mwaka 2010 benki zikaondolewa kabisa katika mikopo mipya. Sasa serikali ndiyo benki. Makadirio, hata hivyo, hayakusimama. Mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya Congress, GAO, ilitoa hesabu ya mikopo iliyotolewa kati ya 1997 na 2021: iliyotarajiwa kuingiza dola bilioni 114 sasa ilikadiriwa kugharimu bilioni 197. Sababu zilikuwa kusimamishwa kwa malipo wakati wa janga la korona, pamoja na watu wengi kuhamia mipango ya kulipa kulingana na kipato. Yaani serikali imekuwa ikitoa ruzuku bila kuiita ruzuku, na imeitoa mwishoni, baada ya mtu kuishi na deni miaka ishirini, badala ya mwanzoni alipoihitaji. Hii ni njia mbaya ya kutumia fedha za umma hata pale kiasi kinapokuwa sawa.

Wakati huohuo ruzuku ya Pell ilibaki nyuma. Katikati ya miaka ya 1970 kiwango chake cha juu kililipa takriban robo tatu ya gharama ya kusoma na kuishi katika chuo cha umma cha miaka minne. Kiwango cha sasa, dola 7,395 kwa mwaka, hakifiki theluthi. Kilichobaki kinajazwa na mkopo, kazi, au mfuko wa mzazi.

Fomu ndiyo mlango

Fedha zilipokuwa zikienda chuoni, urasimu ulimalizikia kwa mhasibu wa chuo. Sasa kila familia ina fomu yake ya kuomba msaada wa shirikisho, FAFSA, na makosa yake yanalipwa na familia.

Fomu hutumia taarifa za kodi za miaka miwili nyuma: kwa mwaka wa masomo 2026–27 huangaliwa kipato cha 2024. Kila anayehusika, yaani mwanafunzi, mzazi na wakati mwingine mwenzi, hufungua akaunti yake na kukubali kwamba mamlaka ya kodi itume taarifa moja kwa moja. Mmoja akikosa kukubali, msaada wote wa shirikisho unasimama, hata kama hana kipato chochote. Hapo ndipo fomu nyingi hukwama: mwanafunzi anadhani amemaliza, kumbe sehemu ya mzazi iko wazi.

Kinachotoka ni namba iitwayo SAI, makadirio ya uwezo wa familia kulipia masomo, inayoweza kushuka hadi hasi 1,500. Kwa kawaida Pell ni kiwango cha juu kutoa namba hiyo: mwenye SAI ya 2,000 hupata 7,395 kutoa 2,000, yaani dola 5,395, akiwa anasoma kikamilifu. Akichukua krediti 9 badala ya 12, hupata asilimia 75 ya hizo. Familia zilizo chini ya mpaka fulani wa umaskini hupata kiwango cha juu moja kwa moja. Mzazi anayelea peke yake, kwa mfano, mpaka wake ni asilimia 225 ya kiwango cha umaskini cha shirikisho.

Baba akifukuzwa kazi mwaka huu, fomu haijui, kwa kuwa inatazama nyuma. Dawa ipo: ofisi ya misaada ya chuo ina mamlaka kisheria ya kurekebisha taarifa kwa hali maalum ikipewa ushahidi, kama barua ya kuachishwa kazi, hati ya matibabu au cheti cha kifo. Haitangazwi sana, na uamuzi wa chuo kimoja haukifungi chuo kingine, kwa hiyo ombi lipelekwe kila mahali mtu alipokubaliwa. Tarehe nazo zitazamwe kwa makini. Ukomo wa shirikisho ni Juni 30 mwishoni mwa mwaka wa masomo, lakini majimbo hufunga mapema zaidi, California kwa kawaida Machi 2. Anayesubiri ukomo wa Washington hukuta fedha za jimbo zimekwisha.

Mkopo ulivyo hasa

Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaweza kukopa kutoka serikalini dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, na 7,500 kwa kila mwaka baada ya hapo, jumla isizidi 31,000. Katika zile 5,500 za kwanza, zisizozidi 3,500 zinaweza kuwa za aina ambayo serikali hulipa riba wakati mtu akiwa masomoni. Zilizobaki huanza kuzaa riba siku ile zinapotolewa.

Riba hupangwa mara moja kwa mwaka kwa kuongeza asilimia 2.05 juu ya riba ya hati ya Hazina ya miaka kumi, na haivuki 8.25. Kwa mikopo ya shahada ya kwanza ya 2025–26 ilikuwa asilimia 6.39, na mkopo ukishatolewa haibadiliki. Dola 2,000 zisizo na unafuu kwa kiwango hicho huzaa karibu dola 128 kwa mwaka. Miaka minne ya chuo na miezi sita ya kujipanga baada ya kumaliza, ni zaidi ya dola 570 kabla ya malipo ya kwanza. Kuna pia makato ya asilimia 1.057 wakati wa kutoa. Anayekopa 5,500 hupungukiwa kama dola 58, lakini anadaiwa 5,500 kamili.

Ajali mbaya zaidi haimpati aliyekopa nyingi na kumaliza. Humpata aliyekopa kidogo na kuacha, kwa sababu ana deni na hana shahada ya kumwongezea mshahara. Sheria ya kurudisha fedha humwongezea mzigo. Akiondoka muhula ukiwa umefika asilimia 40, amestahili asilimia 40 tu ya msaada wa muhula huo. Chuo hurudisha sehemu yake Washington, kisha humdai mwanafunzi pengo la ada, na hapo fedha za kodi ya nyumba alishazitumia. Akivuka asilimia 60 ya muhula, amestahili yote. Kwa hiyo mtu anayefikiria kuacha ahesabu siku kabla ya kupeleka barua. Wiki moja inaweza kumwokolea maelfu ya dola.

Akikaa siku 270 bila kulipa, mkopo huhesabiwa chechefu. Serikali inaweza kukata hadi asilimia 15 ya mshahara bila kwenda mahakamani, na kuchukua marejesho ya kodi. Kufilisika hakufuti deni hili kirahisi. Mahakama hutaka mdaiwa athibitishe dhiki isiyo ya kawaida. Hakuna benki yenye meno kama hayo.

Msamaha, na masharti yake

Deni lilipokuwa kubwa, serikali ilianza kuweka milango ya kutokea. Mwaka 2007 iliahidi kufuta deni la wanaofanya kazi za umma baada ya malipo 120. Maombi ya kwanza yalipofika mwaka 2017, karibu asilimia 99 yalikataliwa. Watu walikuwa na aina isiyofaa ya mkopo, au mpango usiofaa wa malipo, au mwajiri hakuwa amethibitishwa, na kampuni zinazokusanya malipo hazikuwa zimewaambia. Masharti yalilegezwa baadaye na wengi wakafutiwa. Ila somo la kiutendaji ni lilelile: thibitisha mwajiri kila mwaka, tunza nakala, usingoje mwaka wa kumi.

Jaribio la kufuta hadi dola 20,000 kwa kila mkopaji lilizuiwa na Mahakama ya Juu Juni 30, 2023. Mpango wa SAVE, uliopunguza malipo ya kila mwezi, nao ulikwama mahakamani mwaka 2024. Rais huahidi, mahakama huzuia, na mkopaji hubaki hajui mwezi ujao atadaiwa kiasi gani.

Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 ndiyo mabadiliko makubwa ya karibuni, na inarudisha serikali nyuma kama mkopeshaji. Kuanzia Julai 1, 2026 mkopo wa uzamili usio na kikomo, ulioanza 2006, umefungwa kwa wakopaji wapya. Uzamili una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Udaktari wa tiba, sheria na fani nyingine za namna hiyo 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Mzazi hawezi kukopa zaidi ya 20,000 kwa mwaka wala 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto. Mkopo huo wa wazazi ulihitaji kubanwa: hutolewa bila kuuliza kama mzazi ataweza kulipa, huangaliwa tu kama historia yake ina doa kubwa. Hatari ni kwamba pengo litajazwa na benki binafsi, ambazo hutaka mdhamini na hazina mpango wa kulipa kulingana na kipato.

Kwa mikopo mipya zimebaki njia mbili za kulipa: malipo ya kudumu ya miaka 10 hadi 25 kulingana na ukubwa wa deni, au mpango uitwao RAP. RAP huchukua asilimia 1 hadi 10 ya kipato, hupunguza dola 50 kwa mwezi kwa kila mtoto anayelelewa, na hufuta kilichobaki baada ya miaka 30. Mwenye kipato cha dola 45,000 hulipa asilimia 4, yaani 150 kwa mwezi, na akiwa na mtoto mmoja, 100. Uzuri wake ni kwamba riba isiyofikiwa na malipo huondolewa, hivyo deni halivimbi kwa anayelipa kwa wakati. Ubaya wake ni ngazi zake. Mwenye dola 50,000 hulipa asilimia 4, sawa na dola 2,000 kwa mwaka. Akiongezewa dola moja huingia asilimia 5 na kulipa 2,500. Nyongeza ndogo ya mshahara inaweza kumwacha mtu na fedha pungufu mfukoni, na anayekaribia ngazi anaweza kuikwepa kwa kuweka zaidi katika akiba ya uzeeni, kwa kuwa mpango hutazama kipato baada ya makato hayo.

Sheria hiyohiyo imeruhusu Pell itumike katika mafunzo ya kazi ya wiki 8 hadi 15, jambo lililoombwa kwa miaka mingi. Anayeitumia akumbuke kwamba Pell ina ukomo wa maisha wa mihula 12 ya masomo kamili, na kozi fupi nazo huila.

Majimbo kadhaa yamerudi kwa namna mpya. Tennessee tangu 2015 humlipia aliyetoka sekondari ada ya chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili. Lakini hulipa mwisho, baada ya Pell kutumika, kwa hiyo mwanafunzi maskini ambaye Pell imeshamaliza ada yake hapati dola mpya hata moja, naye bado ana chakula, nauli na kodi ya nyumba. New Mexico tangu 2022 hulipa ada kwanza na kuiacha Pell kwa gharama za kuishi. Barua ya msaada ikifika, swali la kuuliza ofisi ya chuo ni hilo: ufadhili wa jimbo unalipa kabla ya Pell au baada yake? Kisha chukua kalamu, futa mikopo yote iliyochanganywa humo na ruzuku, futa na mshahara wa kazi za chuoni ambao bado hujaufanyia kazi, na utoe kinachobaki kutoka gharama nzima ya mwaka. Namba utakayoiona ndiyo bei yako.